Pesa ya kukimbia iliyogeuka sakafu

MPENZI msomaji, kama nyumba yenu ina vyumba viwili, mshahara unaisha kabla ya tarehe 20, na kila Jumamosi mwenzako anakukumbusha kwamba ukuta umebabuka, basi makala haya ni yako. Mimi si fundi wala mpambaji. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Ninayoyajua kuhusu kutengeneza nyumba nimejifunza kwa kukosea, na kosa langu kubwa halikuwa la saruji wala la rangi. Lilikuwa la kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Nitafika huko. Lakini huwezi kuelewa habari ya kopo bila kujua nyumba niliyokulia.

"Hapa tunapita"

Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ambayo leo yako Mkoa wa Katavi, Tanzania. Baba hakuwa mvivu. Alilima mahindi, maharage na tumbaku, na shamba lake lilisifiwa. Hata hivyo, ndani ya nyumba hakukubali kitu ambacho watu wawili wasingeweza kukibeba. Hapakuwa na kabati. Hapakuwa na meza nzito. Nguo zetu zote zilikaa ndani ya sanduku la bati, na sanduku lilikaa karibu na mlango.

"Hapa tunapita," alikuwa akisema.

Mama alikuwa na mawazo mengine. Kila kiangazi alichota udongo mweupe, akauchanganya na majivu, akasiriba kuta zote. Sehemu ya chini aliipaka udongo mweusi, na katikati alichora mawimbi kwa vidole vyake. Baba akimcheka: "Nyumba tutakayoiacha, unairemba ya nini?" Mama akijibu bila kugeuka: "Leo nalala humu."

Nilisoma shule za Tanzania, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kisha nikasomea ualimu. Kuanzia mwaka 2007 sisi wakimbizi wa 1972 tuliulizwa tuchague: kurudi nyumbani au kuomba uraia wa Tanzania. Watu zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Zaidi ya 50,000 tulirudi. Familia yetu ilivuka mpaka mwaka 2008. Burundi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, Kiswahili kikawa na nafasi shuleni, nami nikapata kazi.

Kwenye shamba la baba tulikuta familia iliyokuwa hapo tangu miaka ya 1970. Watoto wao walizaliwa hapo, na wazee wao walizikwa hapo. Baada ya vikao vya miaka miwili shamba lilikatwa katikati. Wao wakabaki upande wa juu wenye michikichi, sisi tukapata upande wa chini karibu na barabara. Baba alifariki mwaka huo huo wa 2010. Nikajenga nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili vya mita tatu kwa tatu, bati juu na udongo chini. Mwaka uliofuata nikaoa.

Mke wangu ni wa wale waliobaki, ambao kwa Kirundi tunawaita abasangwa. Mimi ni wa abahungutse, yaani tuliorudi. Tuliishi vizuri, isipokuwa kwa jambo moja. Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yeye aliomba sakafu ya saruji. Mimi nilijibu kwamba pesa hakuna.

Kopo chini ya bati

Pesa ilikuwepo. Kila mwezi nilikuwa natoa kidogo kwenye mshahara na kuiweka katika kopo lile, nikalificha juu ya ukuta, mahali ambapo mbao za paa zinalala. Sikuiita akiba. Moyoni niliiita pesa ya kukimbia: nauli ya watu wanne hadi mpakani, chakula cha wiki moja, na kidogo cha kuanzia. Mwaka 2015, mamia ya maelfu ya Warundi walipovuka tena mipaka, niliona nilikuwa sahihi. Milango mingi ya kilima chetu ilifungwa kwa kufuli. Sisi hatukuondoka. Lakini kopo nalo sikulishusha, nikaendelea kuliongezea.

Mvua za mwaka 2018 ndizo zilizonifichua. Bati lilivuja juu ya mkeka wa watoto. Mimi nikiwa shuleni, mke wangu alipanda juu ya stuli kutafuta tundu, mkono wake ukagusa kopo. Niliporudi nilikuta noti zimepangwa mezani, zimehesabiwa.

"Baba watoto, hii ni nini?"

"Ni pesa ya kukimbia."

"Kukimbia na nani?"

"Na ninyi."

"Umepanga safari ya familia nzima, na mimi sijui njia?"

Nilinyamaza. Akaendelea: "Mwanao ana funza vidole vitatu. Hiyo siku ikifika, atakimbia vipi?"

Msomaji, unajua funza hukaa wapi. Hukaa kwenye vumbi la sakafu ya udongo. Kila Jumapili tulikuwa tunawatoa kwa pini, mtoto analia, na wiki inayofuata wengine wameingia. Pesa ya kumaliza tatizo hilo ilikuwa juu ya kichwa chake, ndani ya kopo.

Badala ya kukubali kosa, nilisema neno baya. Nilimwambia kwamba yeye hakuwahi kukimbia, hivyo hawezi kuelewa. Siku tatu hatukuzungumza. Siku ya nne, tukiwa tunapepeta maharage, alisema bila hasira: "Wakati wa vita nilikuwa mtoto. Sisi tulikimbia kila jioni, tukalala kwenye matete, tukarudi kila asubuhi. Ninyi mlivuka mpaka mara moja. Usiniambie sijui kukimbia."

Miaka saba ya ndoa, na nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Jioni hiyo tuligawa pesa ya kopo mafungu matatu. Fungu moja lilirudi ndani ya kopo, na sasa wote wawili tunajua lilipo. Mafungu mawili yakawa ya nyumba. Yafuatayo ndiyo tuliyofanya. Ninayaandika kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio uliotuokolea pesa.

Kwanza, daftari

Tulichukua daftari la shule, tukapiga mstari katikati. Upande mmoja mke wangu aliandika mambo matatu yanayomkera ndani ya nyumba, upande wa pili nikaandika yangu, kila mtu bila kuchungulia. Yake yalikuwa sakafu, bati linalovuja na giza. Yangu yalikuwa makochi, rangi na kabati la vyombo.

Ukiangalia orodha hizo utaona kwamba yeye alifikiria wanaolala ndani, mimi nilifikiria wanaokuja kututembelea. Tukakubaliana sheria moja ambayo nawashauri nanyi muishike: anayelala ndani atangulie, mgeni afuate. Aidha, tuliamua kutokukopa kwa ajili ya mapambo. Mkopo tuliochukua katika kikundi chetu cha kuweka akiba, hivi vikundi tunavyoviita nawe nuze, ulikuwa wa saruji tu.

Pili, maji

Usipake rangi nyumba inayovuja. Nyumba ya matofali mabichi haina adui mkubwa kuliko maji, na maji huingia kwa njia mbili, juu na chini.

Juu, mara nyingi bati si bovu. Tundu huwa kwenye msumari uliolegea. Tulikagua mchana, mmoja ndani akitazama mwanga unapopenya, mwingine nje akigonga misumari. Matundu madogo tuliyaziba kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye lami ya moto. Bati moja tu ndilo lililobadilishwa.

Chini, maji ya bati yakidondoka karibu na ukuta huruka na kula tofali la kwanza, na nyumba huanza kuliwa miguuni. Tulichimba mtaro kuzunguka nyumba, tukaelekeza maji kwenye migomba, na kando ya ukuta tukapanga mawe. Kazi hiyo ilitugharimu Jumamosi mbili na malengelenge ya mikono. Hatukulipa hata faranga moja.

Tatu, sakafu

Hapa tulibishana. Mimi nilitaka tuanze na sebule. Mke wangu akauliza: "Wageni wanakaa chini?" Nikasema hapana, wanakaa kwenye viti. "Watoto wanalala wapi?" Wakati ule walilala kwenye mkeka, chini. Basi tukaanza na chumba cha kulala.

Kwa chumba cha mita tatu kwa tatu tulitumia mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Hesabu yake ni hii: unene wa sentimita tatu, sehemu moja ya saruji kwa sehemu nne za mchanga wa mtoni uliochekechwa, usio na udongo. Lakini saruji hiyo haimwagwi juu ya vumbi. Tulikwangua udongo uliolegea, tukatandaza mawe na changarawe, tukamwagia maji kidogo, tukashindilia kwa gogo mpaka kisigino kisizame. Mawe tuliyaokota wenyewe mwezi mzima. Fundi tulimwita kwa siku moja tu, ya kumwaga na kusawazisha, na hapo ndipo pesa ya ufundi ilipopungua.

Fundi aliigawa sakafu vipande vinne kwa mistari. Nilidhani ni pambo. Kumbe ni kwa sababu saruji ikikauka hujikunja, na ufa ukitokea hufuata mstari badala ya kukatiza chumba.

Kisha tukafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tuliifunika sakafu kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji inayokaushwa haraka hutoa vumbi maisha yake yote. Wiki hiyo tulilala jikoni, katika kibanda cha nje, watu wanne na kuku mmoja. Watoto walifurahi mno.

Nne, kuta

Kosa langu la zamani lilikuwa kupiga lipu ya saruji juu ya matofali mabichi. Ilipendeza msimu mmoja, kisha ikaanguka vipande vipande. Saruji ni ngumu, tofali bichi ni laini. Unyevu ukiingia nyuma yake hauna pa kutokea, na lipu hubanduka na udongo wake.

Safari hii tulirudi kwenye maarifa ya mama. Tulichanganya udongo wa mfinyanzi, mchanga na samadi ya ng'ombe, tukauacha mchanganyiko siku chache huku tukiukanyaga, kisha tukasiriba mara mbili: mkono wa kwanza mzito, wa pili mwembamba. Ulipokauka tukapaka chokaa. Chokaa huchujwa kwa kitambaa, huongezwa chumvi kidogo ili kishike, na hupakwa kikiwa chepesi kama maziwa, mara tatu, juu ya ukuta uliorashiwa maji. Ukikipaka kizito mara moja kitachunika. Angalieni macho na mikono, maana chokaa huunguza. Watoto wakae mbali.

Chini ya kuta, hadi usawa wa goti, tulipaka udongo mwekundu. Si kwa urembo tu. Huko ndiko miguu ya watoto na ufagio hugusa, na ukuta mweupe mpaka chini hauvumilii wiki mbili.

Mama, ambaye anaishi nasi jirani, alikuja kuona. Hakusema kitu. Aliingiza vidole kwenye ndoo ya udongo mwekundu akaanza kuchora mawimbi pale nyeupe na nyekundu zinapokutana. Alipofika pembeni mgongo ukamuuma. Mke wangu akasema, "Mama, nionyeshe, nimalizie." Mama akamshika mkono. Mawimbi ya ukuta wa mashariki ni ya mama, ya kuta tatu zilizobaki ni ya mke wangu, na ukiangalia vizuri utaona mahali mkono ulipobadilika.

Tano, mwanga na nafasi

Chumba kidogo chenye giza huonekana kidogo zaidi. Tulibadilisha bati moja la sebuleni tukaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Moja linatosha, mawili yatawapikia joto mchana. Tulipunguza matawi ya mwembe yaliyoziba dirisha, tukaweka wavu wa mbu ili dirisha liweze kukaa wazi, na kioo cha kujitazamia tukakitundika mkabala na dirisha. Kwa kazi hizo sebule ilionekana kama imeongezwa nusu mita.

Kuhusu nafasi, kumbuka kwamba nyumba ndogo hupanuka kwenda juu. Kitanda chetu tulikiinua kwa matofali mawili kila mguu, na chini yake sasa kuna magunia ya maharage na vitabu vyangu. Juu ya mlango kuna rafu ya mbao. Kitanda cha watoto, tulichokuja kuwatengenezea baadaye, tunakitenga na chetu kwa pazia la kitenge linaloning'inia kwenye waya.

Makochi je? Niliyanunua, na nakiri. Mwaka 2019 niliyakuta kwa fundi kwa bei nzuri, nikalipa bila kumshirikisha mwenzangu. Yalipofika nyumbani hayakupita mlangoni. Yalilala nje usiku mmoja chini ya turubai, majirani wakipita na kuuliza kama tunahama, na kesho yake niliyauza kwa hasara. Tangu siku hiyo nina kamba mfukoni. Kabla ya kununua chochote, pima mlango, pima ukuta, kisha pima kitu chenyewe. Kamba haina bei.

Mwisho, mapambo

Mapambo ndiyo sehemu ya bei rahisi kabisa, mradi yaje mwisho. Vipande viwili vya kitenge vilitosha pazia za madirisha. Masalia yake yakawa foronya za mito, ndani tukajaza nguo chakavu zilizokatwakatwa. Makopo ya mawese tuliyapaka rangi iliyobaki kwa jirani, tukapanda maua. Viti vya zamani vya mbao tulivipiga msasa na vanishi. Ukutani tulitundika mkeka mmoja wa Kirundi, ule tunaouita umusambi, badala ya picha za kalenda. Tulichagua rangi tatu tu, nyeupe, nyekundu ya udongo na kijani cha kitenge, na kila kitu kipya kiliulizwa kama kinaingia katika hizo. Chumba kidogo chenye rangi saba hufanana na kibanda cha mitumba.

Limebaki sanduku la bati la baba. Lilisafiri kutoka Mishamo nasi juu ya lori, na kwa miaka kumi lilikaa karibu na mlango, kama yeye alivyoliweka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Siku moja mke wangu alilisukuma hadi chini ya dirisha, akaweka juu yake godoro jembamba na mito miwili. Aliniuliza kwa macho kama nitakasirika. Nikakaa. Ndilo kochi letu mpaka leo.

Baadhi yenu mtauliza kama funza waliisha. Waliisha. Vumbi la usiku lilipungua, na kikohozi cha mdogo nacho kikapungua. Sakafu ina nyufa mbili, zote ndani ya mstari. Chokaa tunakirudia kila kiangazi.

Siku ile tulipomwaga sakafu ya sebule, alikuja mzee wa shamba la juu, yule tuliyegawana naye. Alisimama mlangoni, maana ndani palikuwa pabichi. Alitazama saruji, akatazama mawimbi ukutani, akasema: "Kumbe mmekuja kukaa."

Sikujua kama alifurahi au alisikitika, na sikuuliza. Lakini asubuhi yake nilikuta toroli lake limeegeshwa mbele ya nyumba, la kubebea mawe yaliyobaki.

Basi, wapenzi wasomaji, kabla hamjanunua hata brashi moja, kaeni jioni moja wawili, watoto wakishalala, na kila mmoja amuulize mwenzake: unafikiri tutaishi humu kwa muda gani? Jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia saruji iingie au isiingie. Na kama kuna kopo mahali, lishusheni.